Uzi Mmoja, Punje Moja

Jumatatu, 3 Februari

Jirani kaniuliza tena nafanya kazi gani hasa. Nimemwambia napima nguvu za vifungo vya ndani ya DNA, vile dhaifu. Akakunja uso. Haya, nikaanza upya: tunachukua punje ndogo kuliko vumbi, tunaifunga kwenye kioo kwa uzi wa DNA, tunaitia mashineni na kuizungusha kwa kasi. Ule uzi una mahali pamoja palipoungwa kwa kifungo dhaifu, herufi mbili zimelaliana kama sahani kabatini. Kifungo kikiachia, punje inachomoka, na kamera iliyomo humo humo mashineni inaona. Tunapima kilivumilia muda gani. Basi.

"Yaani unaenda chuoni kila siku kukata kamba?"

Ndiyo, mama. Kukata kamba.

La leo sikumwambia. Grafu imetoa nundu mbili! Miaka yote hii kifungo hiki kinatupa nundu moja, safi, unaweza kuichora umefumba macho. Leo kuna kundi la pili la punje zimeng'ang'ania muda mrefu kuliko nyingine. Herufi zilezile. Chumvi ileile. Joto lilelile. Kumbe kifungo kimoja kinaweza kushika kwa namna mbili? Nimemwita Baba Pacha aje aone. Akainama, akatazama, akasema, "Hm."

Mume wangu huyu! Dunia ikipasuka katikati atasema hm.

Jumatano, 5 Februari

Profesa amekuja mwenyewe hadi kwenye mashine. Kwanza aliniambia nisitie chumvi. Nikamjibu ndiyo kazi yangu, kutia chumvi, maana bila chumvi kwenye maji nyuzi hazishikani. Kacheka mpaka miwani ikamteleza. Halafu akaacha kucheka. Anataka tuipeleke mkutanoni mwezi wa tano. Jambo jipya, anasema, watu watalinukuu miaka na miaka.

Sijui nilirudi nyumbani vipi. Nilikuwa naelea.

Baba Pacha hakufurahi kama nilivyotaka. Naye ndiye fundi wa vioo! Yeye anaandaa, mimi nazungusha, ndivyo tulivyogawana tangu mabinti wanatambaa. Chuo kizima kinatuita Baba Pacha na Mama Pacha, hata wanafunzi ambao hawajawahi kuwaona hao pacha. Na chuo kizima kinajua msemo wake: uzi mmoja, punje moja. Ukizidisha tone, punje inashikwa na nyuzi mbili na kipimo kimeharibika. Yeye hazidishi. Mkono wake ukishika pipeti ya kudondoshea, hata pumzi anaibana.

Nilimuuliza mbona kimya. Akasema amechoka tu. Uchovu gani siku kama hii, jamani.

Jumanne, 11 Februari

Nundu ya pili inanichezea. Juzi ndogo. Jana haikuonekana kabisa. Leo imekuwa kubwa kuliko ya kwanza. Kifungo hakina hasira wala hamu, hakiamki vibaya. Nimebadilisha maji, nimepima joto ndani ya mashine, nimewasha na kuzima kila kitu. Wapi!

Nyumbani Baba Pacha kavunja kikombe kingine. Nikamgombeza — nilikuwa nimeshajaa. Akaokota vipande kimoja kimoja, kisha akaenda kukaa nje.

Ijumaa, 14 Februari

Leo alikwenda kung'olewa jino, nikasema nisipoteze siku, nikaandaa vioo mwenyewe. Kazi mbaya! Mapovu, madoa, punje zimelundikana pembeni. Angeona angenifukuza chumbani.

Nundu moja.

Nikaandaa vingine. Nundu moja. Nikavirudia tena. Moja, safi, ileile ya siku zote.

Nilikaa kwenye kigoda nikaitazama ile skrini mpaka ikajizima. Hakuna kifungo cha namna mbili. Zile punje zilizokuwa ziking'ang'ania zilikuwa zimeshikwa na nyuzi mbili. Kwenye vioo vya nani? Vya mtu asiyezidisha tone.

Si kifungo. Ni mkono.

Wiki nzima na zaidi nilikuwa nashangilia mkono wa mume wangu.

Jumamosi, 15 Februari

Nimemwangalia kutwa nzima kama mwizi. Kidole chake cha tatu kinainuka chenyewe juu ya meza, kinagonga, kinatulia. Bega linaruka kidogo, yeye anajifanya anajikuna. Amekuwa akijikuna tangu lini? Nalala naye kitanda kimoja na sikuona. Niliona kwenye grafu.

Baba yake alianza hivyo hivyo. Mikono, kisha miguu, kisha maneno, kisha akawa hamjui mwanawe. Majirani walimwita mlevi. Mtu hajawahi kuonja hata tone, na alikufa anaitwa mlevi.

Jumatano, 19 Februari

Nimemwambia.

Nilimfuata chumba cha maandalizi, amenipa mgongo, anasuuza vioo. Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakanipotea. Nikasema tu kwamba vioo vyangu vimetoa nundu moja. Bomba la maji likaendelea kutiririka. Halafu akasema, "Najua."

Anajua tangu mwaka jana. Aliniambia alitaka atuandalie vioo vingi, avihifadhi kwenye friji, autangulie mkono wake kabla haujaharibika. Nilidhani nitauwahi, anasema. Eti auwahi mkono wake mwenyewe! Nikamuuliza kwa nini aliniacha nishangilie mbele ya Profesa kama mwehu. Akasema, ulikuwa na furaha sana, mama. Sikuwa na roho ya kukukatiza.

Nilitaka kumpiga. Nikamkumbatia na koti lake la maabara limelowa maji.

Kabla hatujaoana alinieleza kila kitu. Ugonjwa wa baba yake ni neno la herufi tatu ndani ya DNA, linarudiwarudiwa kupita kiasi. Mzazi akiwa nalo, mtoto ni nusu kwa nusu. Dawa hakuna. Tulikubaliana yeye hatapima na mimi sitauliza. Tumeishi vizuri. Nasema kweli, tumeishi vizuri sana. Sasa mkono umejibu bila kuulizwa.

Jioni nilimwambia Profesa kwamba nundu ya pili haipo, vioo vilikuwa na kasoro. Hakuuliza vya nani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema nimwambie Baba Pacha kiti chake hakina mwenyewe mwingine.

Jumapili, 2 Machi

Tumewaita mabinti. Walikaa kwenye kochi lilelile wanalogombania tangu utotoni. Wa kwanza kutoka ndiye Mkubwa, aliyemfuata ndiye Mdogo, na hayo majina yamewaganda ingawa chai haikupata hata kupoa kati ya mmoja na mwenzake. Sura moja, sauti moja. Mkubwa mwalimu, ameolewa. Mdogo anasomea udaktari wa meno. Mimi nawatofautisha kwa macho tu: Mkubwa anakukazia, Mdogo anayafinya.

Baba yao alisema mwenyewe. Alisema vizuri, taratibu, kama anafundisha. Katikati ya maneno mkono ukaruka, ukagonga meza. Mdogo aliutazama. Mkubwa akageuza uso dirishani, na tangu hapo hakuutazama tena. Mpaka anaondoka alikuwa anaongea na mabega ya baba yake. Iliniuma. Baba Pacha pia aliona, nikamwona ameuweka mkono chini ya meza.

Halafu Mkubwa akatuambia ana mimba.

Nilipiga kigelegele kabla akili haijafika. Nusu ya kigelegele. Ilipofika nikanyamaza.

Anataka kupima. Upesi, kabla mimba haijawa kubwa. Mdogo akasema hapana, yeye hataki. Mkubwa akasema sikupimi wewe. Mdogo akamjibu, "Mimi na wewe ni yai moja lililogawanyika. Ukijipima umenipima."

Na ni kweli. Sote wanne humu ndani tunajua ni kweli.

Mdogo anasema akijua, kila kifaa kitakachomponyoka mkononi atakuwa anahesabu. Ataingizaje mkono kwenye kinywa cha mtu? Mkubwa anasema, wewe una mikono, mimi nina mtu tumboni. Wakaanza kupayukiana. Wamewahi kugombana, lakini si hivi. Hawa ni chanda na pete, wakilala njaa wanalala wote. Mdogo aliondoka bila kuaga. Sahani yake nimeikuta imejaa.

Ni nani mwenye haki? Nimekaa nawaza. Wote wawili. Mama yao nifanye nini na haki mbili?

Jumanne, 11 Machi

Baba Pacha alikubali kupima, na majibu yametoka. Ndiyo.

Daktari alitaka kutueleza maana yake. Baba Pacha akamwambia, kwa upole, mwanangu, sisi ndiyo kazi yetu. Yule kijana akaona haya.

Njiani niliwaza zile punje. Kazini kwangu punje moja haisemi lolote. Moja inachomoka mara moja, nyingine inakaa mpaka unachoka kuitazama, na zote zina kifungo kilekile. Lazima uzione mamia ndipo useme neno. Hospitali chupa moja ya damu imesema yote. Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani.

Jumatano, 26 Machi

Mshauri wa hospitali, mama mmoja mnene, mpole, alitaka pacha wote wawili waje mbele yake. Mdogo alikuja, sikutegemea. Mimi nilikaa katikati.

Mshauri alisema hawezi kumnyima Mkubwa, damu ni yake. Hawezi pia kumlazimisha Mdogo kusikia. Akauliza wataishi vipi. Mdogo akasema apime. Simzuii, ana mtoto wa kufikiria. Ila asiniambie. Asimwambie mama, mama akijua atanipikia kwa huruma na nitajua. Asimwambie baba. Mkubwa akaapa: nitamwambia mume wangu tu. Wewe hutaona kitu.

"Utanificha kwa uso gani?" Mdogo akamuuliza. "Huo uso ni wangu. Naujua unavyodanganya."

Mshauri akainamisha kichwa. Mimi nilitazama zulia. Ghafla Mkubwa akasema atavaa miwani ya jua. Jibu likiwa zuri, atavaa. Likiwa baya, atavaa. Ndani ya nyumba, mezani, popote, mpaka azoee kulibeba. Mdogo akamtazama kwa muda, macho ameyafinya.

"Utaonekana kichekesho."

"Nitaonekana kichekesho."

Wakacheka! Wote wawili, kicheko kimoja, cha puani. Nilishukuru Mungu kwa kicheko kile. Nje, ngazini, kila mmoja akashika njia yake.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo ndiyo siku yenyewe. Mkubwa amekwenda na mumewe. Simu ameizima, kama tulivyokubaliana.

Nimekuja kazini kwa sababu nyumbani ningesugua sakafu mpaka itoboke. Baba Pacha kaja pia. Sasa anakaa kwenye kigoda kando yangu na mimi ndiye naandaa vioo. Ananifundisha kwa mdomo. Taratibu. Inua kiwiko. Usivute, acha ipande yenyewe. Toa pumzi, sasa dondosha. Ni mkali! Kioo changu cha kwanza kakikataa, cha pili kakikataa. Cha tatu kasema kwa mwenye njaa kinalika. Mkono wake umelala pajani unacheza, na sauti haichezi hata kidogo. Naishika hiyo sauti.

Tulizungusha baada ya chakula cha mchana. Punje zikawa zinachomoka moja moja kwenye skrini. Nimetazama jambo hili nusu ya maisha yangu. Leo nikaona vibaya. Hakuna namna ya kukijua kifungo isipokuwa ukivute mpaka kiachie. Hilo ndilo tunalofanya, hatuna lingine. Na binti zangu wako huko wanavutwa.

Nilimwambia Baba Pacha nataka kuizima mashine. Akasema, izime. Sikuizima.

Alichonijibu baadaye, tukiwa tunafunga mlango: kila kimoja ni dhaifu, mama, joto la mwili tu linaweza kukifungua. Lakini sisi binadamu tumeshikwa nacho hicho hicho na hatujadondoka. Nikamwambia aache kunifundisha, nimechoka. Akasema, hm.

Simu haikulia.

Ijumaa, 11 Aprili

Mkubwa katuma ujumbe. Kesho anakuja kula mchana. Hakuna zaidi. Nimeusoma mpaka maneno yakapoteza maana. Kama lingekuwa zuri, asingeweza kujizuia kuweka hata alama ya mshangao? Au ameiondoa makusudi? Nimeanza. Mwenyewe nimeanza kupima.

Mdogo naye anakuja. Aliuliza kama Mkubwa atakuwepo. Nikasema ndiyo. Akasema sawa.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika nikiwa nimesimama, jikoni, daftari juu ya friji. Wako mezani. Nimesema nafuata maji.

Mkubwa aliingia na miwani. Nyeusi, mikubwa, inameza nusu ya uso. Mumewe hakuja, ana dharura, eti. Nilimkumbatia nikajaribu kusikiliza mgongo wake kwa viganja. Mgongo ni mgongo. Sikujua kitu. Baba yake akamwambia, karibu mtu mashuhuri, walinzi umewaacha nje? Mkubwa akacheka. Alicheka sawasawa, si haraka, si kwa kuchelewa. Alikuwa amejifunza. Mwanangu amekaa mbele ya kioo na kufanya mazoezi ya kucheka.

Mdogo alichelewa. Nilisikia lango, nikasikia viatu, nikashika ukingo wa meza. Akaingia. Naye amevaa miwani ya jua.

Alivuta kiti, akakaa mbele ya mwenzake, akaomba apitishiwe supu. Wakawa hivyo, nyuso mbili zimezibwa, wanakula. Baba Pacha akawatazama huyu na yule, akasema nyumba yetu ina jua kali. Tukacheka sote, machozi yakanitoka na nikasingizia kicheko. Nilikuwa na furaha. Nikasema moyoni, watoto wangu wana akili kuliko mimi. Huyu hataki kuona, yule hataki kuonyesha, na wamepata njia ya kukaa meza moja. Tutaishi hivi. Watu wanaishi na mambo makubwa kuliko haya.

Mdogo akawa anaeleza habari za mgonjwa wake wa kwanza, babu mmoja aliyemng'ata. Mkubwa akauliza kidole gani. Mazungumzo ya kawaida kabisa.

Halafu mkono wa Baba Pacha ukaruka.

Ulipiga jagi. Jagi likaanguka, maji yakaenda mezani kote, na mkono haukutulia, uliendelea kugonga ubao, ule ugongaji wake. Mimi nilikuwa nainuka nichukue kitambaa. Mkubwa akaniwahi. Si kitambaa. Mkono. Mkubwa ambaye tangu siku ile hajautazama mkono wa baba yake, ambaye anaongea na mabega — aliinama juu ya maji akaukamata kwa mikono yake miwili. Akaushika. Mikono ya blauzi inalowa, hakujali. Akawa anaupapasa kidole kwa kidole, taratibu, anautazama kwa karibu, kama mtu anayejifunza njia atakayopita.

Hakuuachia.

Baba Pacha akasema, inatosha mwanangu, umetulia. Hakuuachia.

Uso aliuficha. Mikono alisahau.

Mdogo ameweka kijiko chini. Nilimwona, kabla sijakimbilia huku. Miwani yake iliangalia pale pale, kwenye ile mikono mitatu iliyolowa.

Jagi nimelijaza, liko hapa. Linamwagika kwenye ukingo, nimelijaza mno. Namsikia Mdogo anasogeza kiti. Sijui anainuka aende nje au anamzunguka mwenzake. Hatua moja. Nyingine. Amesimama.

Ananiita. Mama, anasema, njoo, lete taulo.

Sauti yake ni ya mtu aliyekwisha kujua, nami naenda.